Kinamasi cha Murnau majira ya kuchipua: mwongozo wa kutembea siku moja kutoka Munich

Mei yangu ya kwanza Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, nilichungulia dirishani, nikaona jua, maua na watu waliovaa kaptula, nikaamua kupanda mlima. Nilipofika mita kama 1,500 nikakuta theluji ya kufika magotini, nami nimevaa raba. Nikageuza. Nilishuka nimeloa miguu, na nilipopita kwenye mashamba ya vijiji vilivyo chini ya mlima ndipo nilipoyakuta majira ya kuchipua yenyewe: malisho ya njano tupu, ndama wapya, mbayuwayu wakiingia na kutoka mazizini. Juu kulikuwa bado baridi kali ya Februari.

Tangu hapo, kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni sipandi juu. Naenda Murnau, mji mdogo ulio kama kilomita 70 kusini mwa Munich, pale ambapo ardhi tambarare inakutana na milima ya Alps. Chini ya mji kuna kinamasi kikubwa, Murnauer Moos, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi, na njia ya kukizunguka ina kilomita 12. Ukihesabu na mguu wa kutoka stesheni na kurudi, weka kilomita 15 au 16. Kupanda ni kidogo mno. Mtoto wa miaka kumi aliyezoea kutembea anaimaliza. Tenga saa tano, pamoja na kula na kushangaa.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote: hapa hutembei porini. Unapita katika mashamba ya watu, yanayolimwa, kulishiwa na kukatwa nyasi kwa kalenda yake. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: chagua wiki yako

Mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei ni zamu ya njano. Ua linaloitwa Löwenzahn, yaani jino la simba, hufunika malisho mpaka macho yaume, na nyuma yake milima bado ina theluji. Hiyo ndiyo picha ya kalenda. Lakini mkulima yeyote atakwambia kwamba njano ile ni dalili ya samadi: malisho yanayomwagiwa kinyesi cha ng'ombe mara kadhaa kwa mwaka na kukatwa mara nne au zaidi hustawisha jino la simba na majani machache yenye nguvu, basi. Maua mengine hayapati nafasi. (Harufu ya samadi hiyo ya maji utakutana nayo. Mimi nimekulia nyumba yenye zizi uani, Lushoto, kwa hiyo kwangu ni harufu ya nyumbani. Mwenzangu wa Dar alifunga pua na skafu kwa nusu saa nzima.)

Hazina yenyewe iko kwenye malisho fukara, yale yenye maji mengi ambayo hayatiwi mbolea. Wenyeji huyaita Streuwiesen. Nyasi zake ni ngumu, ng'ombe hawazili kwa hamu. Hukatwa mara moja tu, majira ya vuli, ili zitandikwe zizini. Kwa kuwa hakuna anayezigusa kabla ya hapo, maua yana muda wa kuchanua, kutoa mbegu na kufa kwa raha zake. Kuanzia Aprili utaona enziani fupi za buluu iliyokolea na vijiua vya waridi viitwavyo Mehlprimel. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni huja airisi ya Siberia, ya rangi kati ya buluu na zambarau, kwa maelfu. Kama una siku moja tu mwaka mzima, nakushauri ujiwekee wiki ya mwisho ya Mei. Njano utaikosa, lakini njano ipo kila mahali.

Usije katikati ya Mei bila nguo za baridi, hata kama jana ilikuwa joto. Tarehe 12 hadi 15 Mei wakulima wa huku huziita siku za Watakatifu wa Barafu, na wa mwisho wao, Sophie, ana jina la utani "Sophie Baridi". Bibi wengi hawapandi nyanya nje kabla siku yake haijapita.

Hatua ya pili: anza na daktari

Wengi hurukia viatu. Anza na kupe. Karibu Bavaria yote inahesabiwa kuwa eneo la hatari ya FSME, ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo na unaoenezwa na kupe. Kuna chanjo ya sindano tatu. Mbili za mwanzo hupishana mwezi mmoja hadi mitatu, ya tatu huja miezi kadhaa baadaye, na kwa wakazi wa maeneo ya hatari bima ya afya hulipa. Ukianza Januari, Mei itakukuta una kinga. Ugonjwa wa pili wa kupe, Borreliosis, hauna chanjo, nao nitaurudia mwishoni.

Halafu kuna mafua ya chavua. Kama huna, usijivune mapema. Mimi yalinianza mwaka wa nne, Mei moja nikapiga chafya tangu stesheni hadi stesheni. Siku hizi dawa yake haitoki kwenye begi langu.

Hatua ya tatu: vaa, fungasha

Viatu visivyopitisha maji na vyenye soli ya meno. Si lazima buti za kupandia milima, ila raba laini zitakutesa kwenye mbao zilizoloa. Suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi. Utachekesha, lakini kupe hupanda kutoka kwenye majani. Nguo tatu nyepesi zinazovalika moja juu ya nyingine, koti la mvua, kofia ya jua.

Chakula: wenyeji hubeba mkate, jibini na soseji, wakakaa kwenye benchi wakala taratibu, mapumziko hayo wanayaita Brotzeit. Chapati na mayai ya kuchemsha hufanya kazi hiyo hiyo, tena chapati haipondeki begini. Chupa ya chai ya tangawizi usiiache. Maji beba lita moja na nusu, usichote mitoni hata yakionekana maangavu, maana juu yake kuna malisho. Na weka noti chache mfukoni: si kila mgahawa wa kijijini unapokea kadi, na kila mmoja una siku yake ya kufunga katikati ya wiki.

Hatua ya nne: treni

Treni za mkoa kuelekea Garmisch-Partenkirchen hutoka stesheni kuu ya Munich karibu kila saa, na Murnau ni mwendo wa kama saa moja. Kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni jukwaa. Treni hizi kwa kawaida hutoka kwenye majukwaa ya 27 hadi 36, upande wa Starnberg, ambayo hayaonekani ukiingia kwa mlango mkuu. Ni mwendo wa dakika tano au zaidi, na ukifika dakika mbili kabla ya treni kuondoka utaiona ikikupungia mkono. Wa pili ni kwamba mara nyingine treni hukatwa njiani, behewa hili likaenda huku na lile kule. Soma kibao kilicho kwenye behewa lenyewe, usitosheke na kile cha jukwaani.

Kuhusu tiketi: mwenye Deutschlandticket ya mwezi (ilianza Mei 2023 kwa euro 49, na imepanda tangu hapo) halipi chochote zaidi. Wasio nayo wajikusanye wanunue Bayern-Ticket, inayochukua hadi watu watano kwa siku nzima. Siku za kazi inaanza kutumika 9:00, yaani saa tatu asubuhi. Jumamosi na Jumapili tangu usiku wa manane. Hapa pana ajali yetu sisi wazungumzaji wa Kiswahili: tukiandikiana "tukutane saa mbili" kuna atakayefika 8:00 na atakayefika 14:00. Andika tarakimu za huku na uongeze neno "asubuhi".

Keti upande wa kushoto. Baada ya nusu saa hivi ziwa la Starnberg litafunguka pembeni yako.

Hatua ya tano: kutoka stesheni hadi kanisa dogo

Toka stesheni ufuate vibao vya Münter-Haus, nyumba ya mchoraji Gabriele Münter, halafu barabara ya Kottmüllerallee, njia ya miti mikubwa pande zote mbili inayoteremka taratibu kuelekea kinamasini. Nyumba ya Münter utaipita mapema. Iache kwanza, hufunguliwa mchana tu.

Mwisho wa mteremko kuna kanisa dogo la Mtakatifu Georg, peke yake ukingoni mwa tambarare. Watu wa hapa hawaliiti kwa jina hilo. Wanaliita Ähndl, kwa lahaja yao ni kama kusema "bibi", kwa sababu wanalihesabu kuwa bibi wa makanisa ya eneo hili. Kando yake kuna mgahawa wenye meza za nje chini ya miti. Pita chooni hapa, kwa kuwa sehemu inayofuata haina kichaka cha kujificha.

Ukisimama mbele ya kanisa, mbele yako ni ukuta wa milima: Ester upande wa kushoto, Ammergau kulia, na katikati, kwenye uwazi wa bonde la mto Loisach, safu ya Wetterstein yenye Zugspitze, mita 2,962, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani. Mtu wa Moshi anaruhusiwa kutabasamu. Tena, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia watoto wa shule wa Kijerumani walifundishwa kwamba kilele kirefu kuliko vyote cha dola yao ni Kaiser-Wilhelm-Spitze, nacho si kingine ila Kibo.

Tambarare hii ilichimbwa na mto wa barafu wa Loisach. Barafu ilipoyeyuka likabaki ziwa, ziwa likajaa matope na mimea, mimea ikaoza nusu nusu majini na kuwa mboji. Mboji hukua kama milimita moja kwa mwaka. Ukikita mguu nje ya njia ukazama sentimita thelathini, umepita miaka mia tatu.

Hatua ya sita: zunguka kwa mwendo wa saa

Kutoka Ähndl ingia kinamasini kuelekea milima, kwa njia ya kokoto. Vibao ni vya njano, vinasema Moosrundweg, na kupotea kunahitaji juhudi. Kwa mwendo wa saa utakuwa na milima mbele na kushoto asubuhi, na mchana utarudi kwa ukingo wa juu, huku bonde zima likiwa chini yako kuliani.

Kilomita za kwanza zinafuata mito midogo, Ramsach kisha Lindenbach. Ni sehemu wazi, ya malisho yenye maji na vibanda vya mbao vya kuhifadhia nyasi kavu. Hapa ndipo airisi. Hapa pia anaishi ndege wa kahawia asiyeonekana, Wachtelkönig, anayetaga chini katikati ya nyasi na kuita usiku kwa sauti ya kukwaruza kama kitana kikipitishwa ukucha. Murnauer Moos ni moja ya ngome zake kubwa Ujerumani. Baridi inapoanza yeye huondoka kwenda kwenye mbuga za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa hiyo mnaweza kuwa mmesafiri njia moja, yeye bila viza.

Ndiyo maana usitoke njiani, hata kwa picha moja. Sheria nayo iko upande wa ndege na wa mkulima. Katiba ya Bavaria, ibara ya 141, inampa kila mtu haki ya kutembea milimani na misituni na kufurahia maumbile, na watu wa hapa wanajivunia hilo. Lakini haki hiyo ina mpaka wake: nyasi zikishaanza kukua hadi zikatwe, mashamba na malisho hupitwa kwa njia zilizopo tu. Majani unayoyaona kama bustani ya kupigia picha ni chakula cha ng'ombe cha Januari ijayo. Yakishalazwa na miguu, mashine haiyakati vizuri.

Baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi, njia inageuka na kuingia sehemu ya kinamasi iitwayo Langer Filz, nayo inakuwa ya mbao. Hapa kanyaga polepole. Dunia inabadilika ndani ya hatua kumi: udongo ni mchachu na hauna chakula, miti ya misonobari imedumaa, inakupita kichwa kidogo tu ingawa ina umri wa babu yako. Mwisho wa Mei kuna majani yenye vishungi vyeupe, ukitazama kwa mbali utadhani pamba ya Shinyanga imepasuka. Piga magoti hapo hapo juu ya mbao, utafute pembeni mwake kijimea chekundu kisichozidi ukubwa wa sarafu, chenye nywele za matone yanayong'aa. Matone hayo ni gundi. Kijimea kinakula wadudu kwa sababu ardhi haikipi kitu. Mbao ni nyembamba. Mtu akija mbele yako mmoja asimame kando, na msalimiane. Huku kijijini asiyesalimia ndiye mgeni. "Grüß Gott" inatosha kwa kila mtu, "Servus" kwa rika lako.

Ukitoka kwenye mbao unapanda kidogo hadi Westried, vinyumba vichache juu ya ukingo, halafu unaelekea mashariki kupitia Moosrain kurudi Ähndl. Hii ndiyo nusu ya mashamba. Na hapa kuna ng'ombe.

Ng'ombe, uzio na mageti

Tafuta wale wa rangi ya manjano-kahawia wenye pua nyeusi iliyozungukwa na weupe. Ni Murnau-Werdenfelser, kizazi cha hapa hapa kilichozoea malisho yenye maji, nacho kimebaki kichache kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa mifugo inayoelekea kutoweka.

Walio nje ya uzio watazame kwa mbali, hasa jike mwenye ndama. Sisi tuliochunga tunajidanganya kwamba tunawajua ng'ombe. Hawa hawakujui wewe. Ukikuta kundi limesimama njiani, zunguka kwa upana, taratibu, usimtazame machoni, usimshike ndama. Mbwa awe na kamba, ila jike mwenye ndama akikukimbilia, mwachie mbwa aende: anamtaka yeye. Waya mwembamba mweupe au wa rangi ni uzio wa umeme. Hauui, lakini utasema maneno ambayo hukupanga. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge nyuma yako.

Hali ya hewa

Siku milima inapoonekana karibu mno, kana kwamba unaweza kuhesabu mawe yake, ujue unapuliza Föhn, upepo mkavu wa joto kutoka kusini. Ni siku nzuri kwa macho na mbaya kwa wenye kuumwa kichwa. Ukikatika, mvua na baridi vinaweza kuingia ndani ya saa moja au mbili.

Radi za mchana huanza Mei. Kinamasini wewe ndiwe mrefu kuliko vyote, kwa hiyo utabiri ukisema radi baada ya saa nane, uwe umeshatoka kwenye mbao kufikia saa sita, la sivyo ahirisha. Msaada wa dharura ni 112.

Mchana Murnau

Ukiondoka Munich saa mbili na nusu asubuhi na kula bila haraka, utarudi Kottmüllerallee kwenye saa tisa hivi alasiri. Sasa ingia Münter-Haus, iliyo wazi saa nane hadi saa kumi na moja, isipokuwa Jumatatu. Münter aliinunua 1909 na kukaa humo na mchoraji Mrusi, Wassily Kandinsky. Majirani waliiita nyumba ya Warusi. Kandinsky alipaka rangi ngazi za mbao, farasi na maua, nazo zipo hadi leo. Wakati wa Wanazi Münter alificha chini ya nyumba hii picha ambazo utawala ule ungeziharibu, na mwaka 1957 akazitoa zawadi kwa jumba la Lenbachhaus, Munich. Ukisimama dirishani utaelewa walikopata ile buluu ya picha zao.

Katikati ya Mei jua huzama karibu saa tatu kasoro usiku, kwa hiyo treni ya jioni haina haraka.

Ukifika nyumbani

Kabla ya kuketi, vua nguo zote ujikague: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kitovuni, chini ya matiti, mstari wa nywele. Watoto wakague nyuma ya masikio na kichwani, vidole vipite kati ya misuko. Kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja. Usimpake mafuta wala gundi.

Andika tarehe, kisha tazama mahali hapo kwa wiki kadhaa. Vipeperushi vya madaktari huonyesha duara jekundu linalotanuka, kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi Borreliosis huweza kuonekana kama doa la kahawia au la zambarau, kama jeraha la kugongwa, na wekundu usionekane kabisa. Doa likitanuka, nenda kwa daktari, mwambie ulikuwa Murnau na siku gani, umwonyeshe penyewe kwenye mwanga wa dirisha.